Barua ya wazi kwa wasimamizi wa uvuvi wa baharini: Tasi wa Mtwara apimwe Mtwara

Kwa: Waheshimiwa wote wenye dhamana ya kusimamia uvuvi wa baharini

YAH: KUPANGA MIEZI YA KUFUNGA UVUVI NA VIPIMO VYA SAMAKI KABLA YA KUYAJUA MAKUNDI YA SAMAKI WENYEWE

Waheshimiwa,

Kwa heshima na taadhima tunawasalimu kutoka Mtwara.

Barua hii ilikuwa ya kusomwa ofisini, si hadharani. Tulianza kwa mdomo, tukamweleza bwana samaki wetu, yaani afisa uvuvi. Tukapeleka kwa maandishi kupitia kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, ambacho huku sote tunakiita BMU. Tukaandika tena ngazi ya juu yake. Jibu tulilolipata kila mara ni kwamba suala letu linafanyiwa kazi. Msimu wa upepo wa kusi ukapita, wa kaskazi ukaingia, kazi hiyo hatukuiona. Ndiyo maana leo tunasema mbele ya watu.

Mimi ni mchuuzi wa samaki. Nanunua pwani, napasua, nakaanga, nauza. Nimetumwa na wenzangu tunaofanya kazi hii kati ya Shangani na Msanga Mkuu, na wavuvi wa madema, ile mitego ya kusuka, na wa mishipi wanaotuuzia wameisikia barua hii ikisomwa na kuikubali. Ya bahari tunayajua kwa mikono yetu. Ya maabara nimeyapata kwa kusoma na kwa kuelezwa na vijana wetu waliosomea uvuvi, ambao wengine wako mtaani wanaendesha bodaboda kwa kukosa ajira. Nao mtawahitaji, kama mtakavyoona mbele.

Kiini cha malalamiko yetu ni pendekezo tulilosomewa kwenye kikao: uvuvi wa tasi, samaki wetu wa majani na miamba, ufungwe miezi ileile pwani nzima, kuanzia Tanga hadi Msimbati, na tundu la dema liwe la kipimo kimoja kote. Hatupingi bahari kupumzishwa. Tasi tunaowapokea leo ni wadogo, na hakuna anayelijua hilo kumshinda mtu anayewapanga kwenye kikaango. Tunachopinga ni kuchukuliwa kwa tasi wote wa Tanzania kama kundi moja linalozaliana pamoja, bila mtu kuwafungua wa huku kwetu na kuangalia. Hoja zetu ni hizi.

1. Miezi mliyoandika hamkuisoma kwenye matumbo ya samaki wetu.

Tasi hapasuliwi kesho. Anakula majani ya bahari na mwani, na utumbo wake ukikaa nyama yote inaharibika. Kwa hiyo anapasuliwa pale pale pwani, bado ana utelezi, huku ukiikwepa miiba yake yenye sumu. Ikikuchoma, unatumbukiza mkono kwenye maji ya moto na kuendelea na kazi. Kila tumbo tunaliona. Jike ambaye hajakaribia kuzaa ana utepe mwembamba tu wa mayai uliolala juu, chini ya uti wa mgongo. Aliyekomaa mayai yamejaa mpaka yamesukuma utumbo pembeni, na ukimkamua kidogo yanatoka yenyewe.

Hao waliojaa tunawapata pia nje ya miezi mliyotusomea. Tulipouliza miezi hiyo imetoka wapi, tukaambiwa imetoka kwenye utafiti. Utafiti upi na wa wapi, hatukuambiwa. Tunajua kwamba Kenya watafiti walishaonyesha miaka mingi iliyopita kuwa tasi ana misimu miwili ya kuzaa kwa mwaka. Ni kazi nzuri, lakini ni ya bahari ya Kenya. Mkifunga miezi ya kaskazini huku kusini, huenda mkatunyima riziki wakati samaki wanakula tu, kisha mkaturuhusu tuvue wanapokusanyika kuzaa. Hapo mtakuwa mmefunga na kufungua kinyume.

2. Samaki anayepimwa sokoni hana kwao.

Hili ndilo linalotuuma zaidi, na ndilo rahisi kurekebisha. Wanaokuja kuchukua takwimu wanapima samaki pale anapouzwa. Wanaandika tarehe, kilo, aina na jina la mwalo, yaani pale vyombo vinaposhusha samaki. Hawaandiki alivuliwa wapi.

Sasa tazameni mwalo wetu mmoja kwa asubuhi moja. Ngalawa imetoka miamba ya hapa jirani. Mashua ya pili imerudi kutoka dago, kambi ya uvuvi wa mbali, watu wake wamelala visiwa vya upande wa Kilwa na wamekuja na barafu iliyokwisha yeyuka. Ya tatu imetoka karibu na mdomo wa Ruvuma, na tusidanganyane, mipaka ya majini hainyooki kama ya kwenye karatasi. Samaki wote wanamwagwa kwenye turubai moja. Anayefika na rula saa hiyo anapima mchanganyiko, anarudi ofisini na wastani, na wastani ule unaitwa tasi wa Mtwara. Akipimwa kwenye soko la mji mkubwa ndiyo zaidi, kwa sababu kule jokofu moja lina pwani yote.

Kuna wataalamu wanaotenganisha makundi kwa umbo la mwili, kwa ukuaji, kwa vimelea na kwa jeni. Hakuna hata mmoja kati yao atakayefanya lolote la maana na samaki asiyejulikana alikotoka.

3. Urefu mmoja hauna maana moja kila mahali.

Tundu la dema linapangwa kwa kuangalia samaki anakomaa akiwa na urefu gani, ili mdogo apite akazae kwanza. Ni kanuni nzuri. Lakini samaki wa aina moja walioishi mahali tofauti wanaweza kukomaa kwa urefu tofauti, kwa sababu ya chakula, joto la maji, na hata namna walivyovuliwa miaka na miaka. Kama wa kwetu wanakomaa wakiwa wadogo kuliko wa kaskazini, tundu lenu litatunyima samaki waliokwisha zaa. Kama wanakomaa wakiwa wakubwa, tundu hilohilo litatuvulisha watoto kwa kibali cha serikali. Ni lipi kati ya hayo mawili, leo hakuna aliyetuonyesha.

4. Bahari yetu haikai kama ya Tanga.

Mkondo mkubwa wa Ikweta ya Kusini unatoka mashariki, unaipiga Afrika karibu na Rasi ya Delgado, kusini kidogo ya hapa, na hapo unagawanyika. Sehemu moja inashuka Msumbiji. Nyingine inapanda pwani yetu kwenda kaskazini mwaka mzima, kali wakati wa kusi, taratibu wakati wa kaskazi. Mvuvi yeyote aliyetia nanga nje ya Msimbati analijua hilo kwa kamba yake.

Vitoto vya samaki vinaelea siku nyingi kabla ya kuwa na nguvu ya kuogelea. Kwa hiyo vya kwetu vinaweza kuchukuliwa kwenda Kilwa, Mafia na kuendelea. Vya Tanga kurudi huku ni kazi. Maana yake kwenye usimamizi ni kubwa: tasi wa Mtwara wakiisha, msitegemee kwamba wa Tanga watakuja kujaza nafasi. Na kama wa kwetu ndio wanaowalisha walio kaskazini, basi kutuharibia sisi ni kuwaharibia na wao. Ongezeni kwamba huku kina kinaanza karibu na nchi kavu, hata bandari yetu inasifika kwa kina chake cha asili, wakati Rufiji na Mafia kuna eneo pana la maji mafupi na tope la mto. Mazingira yanapotofautiana hivyo, mwenye kudai samaki ni kundi moja ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha.

5. Jirani yetu wa kwanza ni Msumbiji.

Nitasema kwa ufupi. Kutoka Msimbati mtu anafika maji ya Msumbiji mapema kuliko anavyofika Kilwa. Kama kuna kundi moja la tasi tunalogawana na wenzetu wa Cabo Delgado, kufunga upande mmoja wa Ruvuma peke yake hakutoshi. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ipo tangu mwaka 2000, mlangoni kabisa mwa mpaka huo. Pa kuanzia pangekuwa pale.

Waheshimiwa, majibu tutakayopewa tunayajua, mengine tumeshapewa ana kwa ana. Naomba niyatangulie.

Mtasema samaki hana kitambulisho, na kwa macho tasi wote ni sawa. Kwa macho, kweli. Lakini elimu ya kuwatenganisha ni ya zamani. Mjerumani Friedrich Heincke alitumia miaka akihesabu pingili za uti wa mgongo za heringi, samaki wadogo wa bahari za baridi, na kupima viungo vyao, na kufikia 1898 alikuwa ameonyesha kuwa heringi wa Ulaya ni makundi ya mahali mahali. Waliopuuza somo hilo lilikuja kuwagharimu. Kwenye Bahari ya Kaskazini kuna heringi wa Downs, wanaozaa majira ya baridi upande wa mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa, na kuna wenzao wanaozaa mapema zaidi, wengine karibu na Scotland. Wakati wa kula wote wanachanganyika, na kwenye wavu ni samaki mmoja. Kundi la Downs lilianguka miaka ya 1950. Uvuvi ukaendelea kwa wengine, mpaka 1977 ukafungwa Bahari ya Kaskazini yote. Hesabu ya jumla inaweza kuwa nzuri huku kundi moja dhaifu linamalizika ndani yake.

Na kama Ulaya ni mbali, tuna mfano wa nyumbani. Mwaka 2003 silikanti, samaki wa kale wa kina kirefu, alinaswa Songo Mnara, Kilwa, halafu wengine wengi wakanaswa Tanga. Watu wakadhani ni wapotevu kutoka Komoro. Mwaka 2011 watafiti wakachapisha matokeo ya jeni: silikanti wa pwani yetu ya kaskazini ni kundi la peke yake. Najua silikanti si tasi, anaishi kwenye kina kirefu na mambo yake ni ya taratibu. Ninachosema ni kwamba Tanzania hii hii imeshathibitisha kuwa pwani moja inaweza kuwa na makundi zaidi ya moja ya samaki wa aina moja, na hakuna aliyelijua hilo mpaka alipoamua kupima.

Mtasema tutawahesabia miiba, tukikuta ni sawa yaishe. Hapo tafadhali muwe waangalifu, kwa sababu afisa mmoja alitueleza hivyo kwa kujiamini kabisa. Tasi wote, wa hapa na wa kwingine, pamoja na ndugu zao wote wa ukoo huo, wana miiba 13 mgongoni na 7 karibu na mkundu. Mkihesabu miiba ya tasi kutoka Lamu hadi Pemba ya Msumbiji mtapata jibu moja, na jibu hilo halitawaambia chochote. Kwa heringi kuhesabu kulifaa. Kwa tasi inabidi mtafute sifa inayobadilika: vipimo vya mwili, umbo la kijiwe cha sikio kilichomo kichwani, urefu wa kukomaa, miezi ya mayai, aina ya vimelea.

Mtasema basi tufanye jeni peke yake, ndiyo kisasa. Jeni ni muhimu, lakini nazo zina mtego. Samaki wachache tu wakihama kila kizazi wanatosha kufanya jeni za makundi mawili zifanane, wakati wachache hao hawatoshi hata kidogo kulijaza kundi lililovuliwa likaisha. Kwa hiyo jibu la maabara likisema hakuna tofauti, msilitafsiri kwamba usimamizi uwe mmoja. Na upande wa pili ni vilevile: tofauti ya umbo inaweza kuletwa na chakula au joto la maji tu, bila samaki kuwa wa asili tofauti. Kwa ajili hiyo tunasisitiza sifa zaidi ya moja kwa samaki yuleyule. Zikikubaliana, tuna jambo. Zikipingana, hilo nalo linafundisha.

Mtasema hakuna bajeti. Kwa maabara, tunaelewa. Kwa mengine, hapana. Samaki tunampasua sisi, bure, kila siku. Kichwa chake mara nyingi ni cha supu, na ndani yake, nyuma ya ubongo, kuna vijiwe vya masikio vilivyo vidogo kiasi cha kupotea kiganjani. Vina tabaka za ukuaji zinazosomeka kama pete za gogo la mti, umbo lake linaweza kutofautiana kati ya kundi na kundi, na vinahifadhi madini ya maji alimokulia samaki. Maji ya mto yana bariamu nyingi kuliko ya bahari, hivyo samaki aliyekulia karibu na mdomo wa Ruvuma au Rufiji anaweza kubaki na alama hiyo maisha yake yote. Kuvitoa kunataka kisu, koleo ndogo, bahasha na mtu aliyefundishwa. Kisu tunacho.

Mtasema sheria moja ni rahisi kuisimamia. Ni rahisi kuiandika. Kuisimamia ni kitu kingine, kwa sababu sheria ambayo mvuvi anaiona kwa macho yake kuwa hailingani na samaki aliyeko mkononi mwake, ataivunja usiku. Pweza anatufundisha. Kikomo cha nusu kilo watu wanakielewa, kwa sababu wanajua pweza hakai muda mrefu na jike hufa baada ya kutunza mayai yake. Waelezeni watu sababu, na sababu iwe ya kweli.

Na mtasema, wengine kimoyomoyo, kwamba hawa wanatafuta njia ya kukwepa kufungiwa. Basi liandikeni hili: vipimo vikionyesha kwamba huku kwetu inabidi kufungwa muda mrefu kuliko mlivyopendekeza, tutafunga. Tumelijadili, halikupita kwa kelele chache, lakini limepita.

Haki pia tuiseme: si kila samaki anataka haya. Jodari anazunguka Bahari ya Hindi, na tume ya kimataifa inayomsimamia inamhesabu jodari wa bahari nzima kama kundi moja kwa baadhi ya aina. Nguru naye ni msafiri. Hatuombi kila wilaya iwe na nguru wake. Tunaanza na tasi kwa sababu ni samaki wa majani na miamba ya karibu, ni wa madema ya watu wadogo, na ndiye mliyemtaja ninyi.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo:

(a) Pendekezo la miezi ya pamoja lisipitishwe kwa tasi mpaka mayai yachunguzwe mwaka mzima, kusi na kaskazi, angalau Msimbati, Mikindani, Lindi, Kilwa na Songosongo, yakilinganishwa na Tanga kwa njia ileile ya kupima. Wakati huo tuko tayari kwa hatua za tahadhari za muda, ikiwemo kufunga miamba michache ambayo wavuvi wenyewe wataitaja kuwa tasi hukusanyika kuzaa.

(b) Kuanzia sasa fomu ya takwimu iwe na nafasi ya mahali samaki alipovuliwa, kwa jina la mwamba wavuvi wanalolitumia, na ijazwe chomboni kabla samaki hajachanganywa.

(c) Wanawake wanaopasua samaki na vijana waliosomea uvuvi wafundishwe kutambua hatua za mayai, kupima na kutoa vijiwe vya masikio, na walipwe posho. Kazi ya kujitolea tunaijua mwisho wake.

(d) Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1980 na ambayo kazi hii ni yake, ipewe fedha za kuunganisha vipimo hivyo na uchunguzi wa jeni, kwa samaki walewale.

(e) Mazungumzo na Msumbiji kuhusu tasi na samaki wengine wa miambani yaanze. Ziwa Tanganyika lilifungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, kwenye maji ambayo nchi nne zinagawana, kwa hiyo msituambie haizungumziki.

(f) Matokeo, yawe ya kutufurahisha au ya kutuudhi, yasomwe kwa Kiswahili mwaloni kabla hayajapelekwa kwenye warsha.

Tunaomba jibu la maandishi kabla kaskazi haijaanza kuvuma, likieleza nani atafanya nini na lini. Atakayekuja kulileta mwenyewe aje asubuhi, vyombo vinapoingia. Tutampa kisu, ampasue tasi wa kwanza yeye.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mchuuzi wa samaki, Shangani,
kwa niaba ya wachuuzi na wavuvi wa Shangani na Msanga Mkuu,
Mtwara

Nakala: Mbao za matangazo za BMU, Mtwara na Lindi